Kipi Kilitangulia? Mwongozo wa Kufundisha Mfuatano wa Matukio katika Kusoma na Kuandika

Mara ya kwanza nilipogawa hadithi iliyokatwakatwa vipande, kundi la nyuma lilimaliza kabla sijarudi mezani kwangu. Vipande vinane, vyote mahali pake. Nikawauliza wamejuaje. Binti mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, tumeangalia mkasi ulipopita." Walikuwa wameunganisha kingo za karatasi kama mtu anavyounganisha vipande vya sahani iliyovunjika. Hakuna aliyesoma hata sentensi moja.

Tangu siku hiyo nakata vipande kwa rula na wembe, vyote upana mmoja. Lakini nilijifunza jambo kubwa kuliko hilo. Mwanafunzi anaweza kupata mfuatano sahihi bila kuuelewa, kwa hiyo jibu lenyewe halitoshi. Swali la pili, "umejuaje?", ndilo somo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la 6, la 7 na kidato cha kwanza hapa Tanzania, na wa gredi ya 7 hadi 9 kule Kenya. Umepangwa kwa takriban vipindi vinane vya dakika 40. Ukiwa na darasa la wanafunzi 70 kama langu, ongeza viwili.

Kosa tunalolifanya sisi walimu

Wengi wetu tunaanza na orodha ubaoni: kwanza, kisha, halafu, baadaye, hatimaye. Watoto wanainakili, na wiki inayofuata tunasahihisha insha 70 zilizojaa "halafu".

Orodha hiyo si mbaya, ila imekaa mahali pasipo pake. Katika Kiswahili wakati haubebwi na viunganishi. Unabebwa na kitenzi. Chukua "Alikuja, akala, akalala." Hakuna kiunganishi hata kimoja, na bado hakuna mtu atakayedhani alilala kabla ya kula. Basi anza na kitenzi. Viunganishi vitakuja baadaye kama chumvi.

Jambo la pili la kuliweka wazi mapema ni kwamba kuna mifuatano miwili: jinsi mambo yalivyotokea, na jinsi msimulizi alivyoyasimulia. Mara nyingine inakwenda sambamba, mara nyingine inapishana. Mwanafunzi ambaye hajaambiwa hivyo hudhani sentensi ya kwanza ya kifungu ndiyo tukio la kwanza, na hapo ndipo maswali ya ufahamu yanapommaliza.

Hatua ya 1: Anza na mikono

Kipindi cha kwanza sitoi kitabu. Nawaambia waandike maelekezo ya kutengeneza mpira wa soksi. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo siku hizi mpira wa mtaani ni soksi kuukuu, matambara na kamba. Kila mtoto anaujua, hata wasichana wanaojifanya hawaujui.

Wakimaliza, chagua daftari moja. Mwandishi anasoma kwa sauti, na mwenzake mbele ya darasa anafanya kile tu kinachosomwa, bila kuongeza akili yake. Muhula uliopita kijana mmoja alisoma: "Chukua soksi. Izungushie kamba, kaza sana. Hakikisha ndani umeshatia matambara." Mtendaji wetu alikuwa amesimama na soksi tupu iliyofungwa kama soseji. Darasa zima lilicheka, mwandishi akiwemo.

Usiache kicheko kipite hivi hivi. Uliza: kosa liko wapi? Si kwamba amesahau hatua. Hatua zote zimo. Moja imechelewa kutajwa. Hadithi inaweza kurudi nyuma na msomaji asipate hasara. Maelekezo yakirudi nyuma, mtu anaunguza chakula.

Kisha waandike upya. Utakuta wenyewe wanagundua kwamba baadhi ya hatua zinaweza kubadilishana nafasi (kutafuta kamba kabla au baada ya kukusanya matambara) na nyingine haziwezi. Waambie wapige mstari chini ya zile zisizohama.

Hatua ya 2: Kitenzi ndicho saa

Hapa ndipo penye mali, kwa hiyo toa vipindi viwili. Sifundishi sarufi kwa majina yake magumu. Nachora ubaoni mshale mrefu wa wakati, na kila kiambishi tunakipa mwendo wake juu ya mshale.

*-li- ikifuatwa na -ka-.* Ya kwanza inafungua mlango, zinazofuata zinapiga hatua mbele: "Alifungua dirisha, akachungulia, akacheka." Kila -ka- ni hatua moja. Ndiyo maana sentensi yenye -ka- peke yake ni nadra kuwa mwanzo wa kisa. Inahitaji kitu cha kuegemea. Onya pia kwamba si kila "ka" ni hii. "Nenda kalete maji" ni amri, na "katoto" ni udogo tu.

*-likuwa pamoja na -me-.* Huu ni mshale wa kurudi nyuma: "Nilipofika, basi lilikuwa limeshaondoka." Sentensi inataja kufika kwanza, lakini kuondoka kulitangulia. Waambie kila wakiona "alikuwa ame-", wasimame na kuuliza: hili lilitokea kabla ya lipi?

*-ki-.* Mambo mawili kwa wakati mmoja: "Aliingia akiimba." Kwenye mshale tunachora mistari miwili, mmoja juu ya mwingine.

*-po-.* Kigingi. "Alipoketi, simu ikalia." Tukio moja linapigiliwa penye jingine.

Halafu kuna mtego unaowanasa hata wale wa mbele: *kabla haja-*. "Kabla hajafika mtoni, alisikia kelele." Nimeuliza mara nyingi, "Je, alifika mtoni?" na nusu ya darasa hujibu hapana, kwa sababu wameona "haja-". Kwao hajafika ni hajafika. Inabidi ueleze pole pole kwamba penye "kabla", kitenzi huvaa vazi la ukanushi bila kukanusha chochote. Huenda aliendelea na safari na kufika. Sentensi inasema tu kwamba kelele zilitangulia. Andika mifano mitano ya aina hii na usihame mpaka waipate.

Hatua ya 3: Kifungu kimoja, kisomwe mara tatu

Hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya kazi hii. Kinakili, au tunga chako kwa mfano wake:

"Neema aliingia darasani viatu mkononi. Mwalimu alikuwa ameshaita majina. Asubuhi ile, kabla hajafika mtoni, alisikia watu wakipiga kelele: daraja la miti lilikuwa limezolewa na maji usiku. Akavua viatu, akashika mkono wa mzee mmoja, wakavuka pamoja. Alipoketi kwenye dawati ndipo alipokumbuka kwamba daftari la Hisabati alikuwa amelisahau nyumbani."

Mara ya kwanza wasome kimya, kwa ladha tu. Mara ya pili wapige mstari chini ya kila kitenzi. Mara ya tatu waandike namba juu ya vitenzi kwa jinsi mambo yalivyotokea, si kwa jinsi yalivyosimuliwa.

Namba 1 ni daraja kuzolewa, na ushahidi ni "lilikuwa limezolewa" pamoja na neno "usiku". Inafuata kusahau daftari, japo imetajwa mwisho kabisa. Hapa wengi huteleza: wanaipa namba ya mwisho kwa kuwa iko mstari wa mwisho. Waulize: alilisahau lini, na alikumbuka lini? Ni matukio mawili, na yametenganishwa na mto mzima. Kisha kelele, viatu, mkono, kuvuka. Kisha kuingia darasani, kuketi, kukumbuka.

Na kuita majina je? Hapa ndipo ninapopenda kukaa kimya na kuwaacha wabishane. Kifungu kinasema Mwalimu alikuwa ameshaita majina kabla Neema hajaingia. Hakisemi kama ilikuwa kabla ya kuvuka mto, wakati wa kuvuka au baada yake. Jibu sahihi ni "haijasemwa". Wafundishe kwamba hilo nalo ni jibu, na kwamba kulitoa kunahitaji usomaji makini kuliko kubahatisha namba. Wapo wanafunzi wanaoona aibu kuandika hivyo, wakidhani mwalimu atasema hawakusoma.

Sharti la kipindi hiki: hakuna namba bila ushahidi. Kando ya kila namba aandike neno au kiambishi kilichompa jibu. "Nimeona tu" haipati alama.

Hatua ya 4: Vipande na mtihani

Sasa rudi kwenye vipande, ukiwa na wembe na rula. Makundi ya watu watano yanatosha. Wakizidi, wawili watakuwa wanachora penseli zao. Vipande sita hadi vinane kwa hadithi moja. Usitumie hadithi ya Sungura wanayoijua tangu chekechea, maana watapanga kwa kumbukumbu. Ukipenda, tandika kamba ya kuanikia nguo ukutani na uwape vibanio, ili darasa zima lione kipande kinapohamishwa na aliyekihamisha aeleze kwa nini.

Kwa wa darasa la 7 kuna sababu nyingine. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa na sehemu ya utungaji yenye sentensi nne zilizovurugwa, ambazo mtahiniwa huzipanga kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mfano wa aina hiyo:

1. Mbuzi huyo akaingia shambani kwa jirani, akaanza kutafuna mahindi.
2. Jioni ile ile baba alikwenda kuomba radhi na kulipa hasara.
3. Juma alimfunga mbuzi chini ya mwembe kwa kamba iliyochakaa.
4. Haikupita nusu saa, kamba ikakatika.

Tafuta kwanza sentensi inayojitegemea: inamtaja mtu kwa jina na haina "huyo", "ile" wala -ka- ya kuegemea. Ni ya 3, kwa hiyo inapata A. Kamba imeshatajwa, basi sentensi ya 4 inaweza kusema "kamba ikakatika" nasi tukajua ni ipi: B. "Mbuzi huyo akaingia" inahitaji mbuzi aliyekwisha kufunguka: C. Hasara haiwezi kulipwa kabla haijatokea: D.

Angalia kosa la kijinga linalowanyima alama watoto wenye akili. Wanajua kabisa mpangilio ni 3, 4, 1, 2, halafu wanaandika herufi kwa kufuata orodha: ya 1 wanaipa A kwa sababu iko juu. Fanya nao mara kumi hadi mkono uzoee kwamba A inakwenda kwa sentensi inayotangulia katika kisa, popote ilipo kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Saa, siku na nafasi kati ya matukio

Maneno ya wakati yana mitego yake ya nyumbani. Mwanafunzi akiandika "mwizi aliingia usiku wa Ijumaa", ni usiku upi? Kwa desturi ya Pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Kijana wa mjini anamaanisha Ijumaa yenyewe baada ya chakula cha jioni. Tofauti ni saa 24, na polisi angependa kujua. Wafundishe kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" au "Ijumaa usiku", kila moja kwa maana yake. Vilevile "jana" na "kesho" za msimulizi zinapoingia katika kisa kilichopita hugeuka kuwa "siku iliyotangulia" na "kesho yake".

Mfuatano pia si namba tu, una urefu. Kwa hili naazima somo la Historia. Chukua uzi wa mita moja na nusu, mwaka mmoja uwe sentimita 10, na mwanzo uwe 7 Julai 1954, siku chama cha TANU kilipoanzishwa. Watoto wapime na kubana karatasi: Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, unaangukia karibu na sentimita 74. Uhuru wa Zanzibar, 10 Desemba 1963, kwenye 94. Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964, siku 33 tu baadaye, na kwenye uzi haifiki hata sentimita moja. Vibanio viwili havienei. Itabidi kimoja kikae juu ya kingine. Muungano wa 26 Aprili 1964 unafuata sentimita tatu mbele, kisha uzi unakaa mtupu mrefu hadi Azimio la Arusha, 5 Februari 1967, kwenye 126.

Waache wautazame. Kabla ya hapo tarehe hizo zilikuwa orodha yenye nafasi sawa. Sasa wanaona palipo na msongamano na palipo na utulivu, na swali la "kwa nini haraka hivyo?" linakuja lenyewe. Mwalimu wa Kenya atumie 1 Juni 1963, 12 Desemba 1963 na 12 Desemba 1964: Madaraka, Uhuru, Jamhuri. Chini yake abane Uhuru wa Zanzibar, uliotangulia ule wa Kenya kwa siku mbili.

Hatua ya 6: Kuandika bila kusaga

Mpe mtoto mada "Safari nisiyoisahau" na utapata hiki, au nduguye:

"Niliamka halafu nikapiga mswaki halafu nikanywa chai halafu nikaenda stendi halafu nikapanda basi halafu basi likaharibika halafu tukafika usiku."

Mfuatano ni sahihi kabisa, na hapo ndipo shida ilipo: mswaki umepewa nafasi sawa na basi kuharibika. Kuondoa "halafu" hakutasaidia. Utabaki na -ka- sita zikifuatana kama mabehewa. Kwa hiyo kabla hawajaandika, nawaambia waorodheshe matukio yote kwa mistari mifupi, kisha wazungushie duara moja tu, lile ambalo lisingetokea kusingekuwa na hadithi. Yaliyo mbali na duara yafutwe au yabanwe katika kirai kimoja. Yaliyo karibu yapanuliwe.

Kwa kisa hiki duara linakaa kwenye basi. Nikaandika nao ubaoni, neno kwa neno:

"Hadi tunakaribia Chalinze nilikuwa nimeshamaliza chupa mbili za maji. Hapo ndipo basi lilipokohoa mara tatu, likanyamaza. Kondakta akateremka, akachungulia chini ya injini, asiseme neno. Tulikaa kando ya barabara tangu saa nane mchana. Taa za mji tuliziona saa nne usiku."

Asubuhi yote imeingia ndani ya "nilikuwa nimeshamaliza". Saa nane nzima za kukaa njiani zimeingia katika sentensi mbili fupi, lakini kikohozi cha basi kimepewa sentensi yake. Waoneshe pia "asiseme neno". -ka- haina ukanushi wake unaotumika sana, na wanafunzi wakikwama hapo huandika "na hakusema neno", sentensi ikapoteza mwendo. "Akachungulia, asiseme neno" ni Kiswahili cha wazee, na watoto wakikionja hawakiachi. Wengine hukizidisha, nami nawaacha wakizidishe wiki moja.

Viunganishi sasa ndiyo wakati wake. Waruhusu vitatu tu katika aya nzima, na kila kimoja kiwe na kazi: "punde si punde" kwa kinachofuata haraka, "wakati huo huo" kwa sambamba, "hatimaye" kwa kilichosubiriwa. Anayetumia "hatimaye" mara mbili katika aya moja amesubiri nini mara ya pili?

Hatua ya 7: Kurudi nyuma kwa makusudi

Hii ni ya wale walioiva, na usiilazimishe. Waanze kisa kwenye duara lao, basi likiwa limeshazimika, kisha warudi asubuhi kwa sentensi mbili zisizozidi, wakitumia "-likuwa -me-", na warejee barabarani kwa -ka-. Mbinu hii, iitwayo mbinu rejeshi, wataikuta tena katika fasihi ya sekondari, kwenye muundo wa visa. Wakiwa wameiandika kwa mkono wao, hawataikariri kama msamiati. Kosa la kawaida ni kurudi nyuma na kubaki huko. Kipimo changu ni hiki: mwenzako akisoma, anyooshe kidole penye neno lililomwambia tumerudi nyuma, na jingine lililomwambia tumekuja mbele. Asipoliona la pili, hujamrudisha.

Kusahihisha

Ukisahihisha kazi ya kupanga kwa kuangalia nafasi, utawaonea watu. Tuseme matukio ni sita, na mwanafunzi amepanga 6, 1, 2, 3, 4, 5. Hakuna hata moja lililo mahali pake, anapata sifuri. Lakini kosa lake ni moja: la mwisho amelitanguliza. Hesabu jozi zinazofuatana badala ya nafasi. Matukio sita yana jozi tano. Yeye ana 1-2, 2-3, 3-4 na 4-5, yaani nne kati ya tano. Aliyepanga 2, 1, 4, 3, 6, 5 hana jozi hata moja, na huyo kweli hajaelewa.

Kwenye insha, kwa darasa kubwa, sisahihishi kila kitu. Nasoma vitenzi tu, nikipita kwa kalamu ya kijani, na pale wakati unaporuka bila sababu naandika pembeni neno moja: "Lini?" Wanajua maana yake. Daftari likirudi kesho yake, atakayejibu kwa kurekebisha kitenzi anapata alama mbili za nyongeza. Atakayejibu kwa kuongeza "halafu" analirudisha tena.